Neno Nililomnyima Mwanangu

Kuachia si kutupa. Kitu usichokitaka unakitupa jalalani na huangalii nyuma. Unachoachia ni kile unachokitaka bado, mkono ungali umekishika. Ndivyo tulivyolelewa kule Ziba. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walimtaka mama aachie ng'ombe. Nguvu ya kuwaswaga walikuwa nayo, lakini hawakuingia zizini. Walisimama nje mpaka mama akaondoa miti ya mlangoni kwa mikono yake na kusema, "Nimeachia." Bila neno hilo kutoka mdomoni mwake wasingewachukua.

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini neno hilo nalijua vizuri. Ndiyo maana nililificha.

Binti yangu wa mwisho aliugua koo. Hospitali walimhangaikia, mwisho wakasema nikamtunze nyumbani. Nikamlaza chumba cha mbele, hapa mjini Kanyenye, asikie watu na baiskeli zikipita. Uji haukushuka tena. Maji nilimdondoshea kwa pamba. Akipumua ilikuwa kama mtu anaburuta gunia.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akaja na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kanga mbili. Siku moja ilimtosha kuelewa.

"Wifi, mwachie mtoto."

"Nani kamshika?"

"Wewe. Anasubiri ruhusa yako. Mwambie."

"Kama una haraka ya msiba, kapike pilau kwako."

Hakukasirika. "Mdomo huo ndio uliomzeesha kaka yangu," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Kwetu tunaamini hivyo: mgonjwa aliyekwisha haendi mpaka mzazi wake amwachie kwa mdomo. Nami niliamini kuliko wifi. Nikaona nimepata dawa. Nisiposema, hafi. Siku tatu nilizunguka chumba kile nikiongea habari za mkaa, kuku, mvua iliyochelewa, kila kitu isipokuwa hilo.

Siku ya nne asubuhi akanishika mkono. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

"Mama, nimechoka."

"Lala basi."

"Siyo hivyo, mama."

Nilimwelewa. Nikasema sufuria inaungua, nikautoa mkono wangu, nikatoka. Jikoni hapakuwa na sufuria motoni, hata moto haukuwapo. Nilikaa kwenye kigoda nimeshika mwiko mkavu mpaka wifi akaja kusimama mlangoni. Alinitazama, akarudi kwa mgonjwa.

Siku mbili zilizofuata siziandiki zote. Alikuwa akiuma ncha ya kanga kwa maumivu, na kanga ile ninayo, imetoboka. Siku ya pili ya hizo, alasiri, hakuwa tena na nguvu hata ya kuuma. Macho yalikuwa wazi. Nikapitisha mkono mbele yake, hayakuufuata. Hapo ndipo nilipoinama sikioni kwake.

"Mwanangu, nimekuachia. Nenda."

Alifariki kesho yake adhuhuri, wifi akimgeuza ubavu.

Wifi anasema mtoto alinisikia, eti kope zilitikisika. Ananiambia hivyo kila akija, nami simbishii, maana anasema kwa huruma. Lakini nilipolisema, yeye alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Aliyekuwa usoni kwa mtoto ni mimi. Na neno lile alilihitaji asubuhi ile, akiwa amenishika mkono.