Mdhamini wa Tatu

Jumanne moja saa nne asubuhi, simu ya mke wangu iliingiwa na ujumbe.

Mke wangu tulimzika miaka miwili iliyopita.

Ujumbe ulisema: "Asante Maximilla. Dhamana yako ya mkopo imepokelewa."

Niliweka kikombe cha chai chini nikasoma tena. Shule niliachia darasa la sita, lakini hayo maneno hata mtoto wa chekechea angeyaelewa.

Maiti amemdhamini mtu.

Simu yenyewe huwa naiweka chaji kwa sababu wapangaji wetu wa mtaa wa Manyatta wamezoea kutuma kodi kwa namba ya Maxi. Nikiwaambia wabadilishe, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Sasa sikia vile chama chetu kinaendeshwa.

Sisi wenye vyumba vya kupangisha tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa boma ya Faraji mwenye duka la hardware. Katibu, Mama Zeituni, anaita majina. Ukiitwa unajibu, "Niko." Usipokuwepo, faini. Unaweka akiba, na ukitaka mkopo unatafuta wanachama watatu wakudhamini. Ukitoroka, akiba yao ndiyo inaliwa.

Maxi alipokufa nilikataa jina lake lifutwe. Akiba yake nililipa kama kawaida. Mama Zeituni akiita "Maximilla," mimi nilijibu, "Yuko."

Mara ya kwanza watu waliangalia chini. Baadaye wakazoea.

Maxi hakuuawa na ugonjwa. Aliuawa na ufunguo. Chumba cha mashine ya hewa kilikuwa kimefungwa, na mkubwa mwenye ufunguo alikuwa kwa semina. Hospitali sitaitaja. Lakini tangu siku hiyo, mtu yeyote mwenye muhuri mezani simwamini. Sisi wadogo tunalipa, wao wanafunga.

Turudi kwa mkopo.

Nilikuwa na mjengo Kisian, vyumba kumi kando ya barabara ya Busia. Wanafunzi wa chuo cha Maseno siku hizi wanatafuta nyumba mpaka huko. Kuta zilikuwa zimefika juu, mabati hakuna. Na kwa sababu ya umaskini nilitumia tofali za udongo zilizokaushwa juani. Mvua ya Machi ikizipata wazi, zinarudi kuwa matope.

Niliomba mkopo Agosti. Faraji akanidhamini. Nabwire, mama wa mitumba, naye akanidhamini. Wa tatu akakosekana mpaka Februari.

Faraji aliniambia ukweli siku moja nikinunua misumari. "Wepukhulu, watu hawadhamini nyumba. Wanadhamini mtu. Harusi ya mwenzetu Sydney ulienda? Walter alipofiwa, nani alikuona? Kikao kikiisha hata chai hunywi."

"Nilikuja kuweka akiba, sikuja kunywa chai."

"Basi ambia hiyo akiba ikudhamini."

Sasa elewa vile ule ujumbe ulinichoma. Mimi mzima nimekosa mdhamini miezi sita, na kuna mjanja amempata mke wangu kaburini.

Nani? Sikuhitaji kufikiria sana.

Mwenyekiti wetu, Robinson. Karani mstaafu, shati la mikono mirefu hata jua likiwaka, kalamu mbili mfukoni. Mimi nilikuwa nasema kila mahali, mtu wa kalamu mbili, moja ni ya kuiba.

Sikumwuliza. Jumatano nilienda moja kwa moja kwa afisa wa serikali anayesimamia vikundi, mama mmoja anaitwa Hadiya.

"Madam, kwa chama chetu kuna maiti inadhamini watu."

Alivua miwani. "Mzee, una ushahidi?"

Nikamwonyesha simu. Alisoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Jumamosi nitakuja. Usimwambie mtu."

Siku tatu hizo sikulala vizuri, lakini ilikuwa ile ya raha. Nilikuwa nampigia Robinson hesabu ya aibu yake.

Jumamosi nilifika mapema. Robinson alimwona Hadiya akiingia na faili chini ya kwapa, uso ukambadilika. Akanijia haraka, akanishika kiwiko.

"Baba Shantel," akaniita kwa jina la binti yangu, "njoo kidogo hapa kando."

"Utasemea mbele ya watu."

"Ni jambo la heri."

"Heri yako ama yangu?"

Akacheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa kwa ile faili ya Hadiya. Niliona hayo macho, roho yangu ikashangilia.

"Nakuomba," akasema. "Dakika mbili tu."

Nikamtoa mkono kama unavyotoa siafu.

Mama Zeituni alianza kuita majina. Niko. Niko. Niko. Akafika.

"Maximilla."

Alikuwa ameshaweka tiki, hakungoja hata jibu.

"Amekufa," nikasema.

Kalamu yake ilisimama. Ungesikia kuku wa Faraji wakichakura nyuma ya magunia ya simenti.

"Amekufa miaka miwili," nikasema, "na nyinyi wote mlikula wali wa matanga yake. Sasa mniambie amemdhamini nani."

Robinson alisimama. "Mzee, nakusihi kwa mara ya mwisho. Tukae kando."

"Hapa hapa."

Hadiya akanyoosha mkono. "Leteni faili ya mikopo."

Mama Zeituni aliileta akilia bila sauti. Mimi nikamwona, nikasema moyoni, kumbe na wewe.

Hadiya alifunua karatasi, kidole kikishuka polepole. "Wadhamini. Faraji. Nabwire. Maximilla." Akainua macho. "Na mkopaji ni Fabian Wepukhulu. Huyo ni nani?"

Watu wote wakageuka kuniangalia.

Fabian Wepukhulu ni mimi.

Robinson alikaa chini kama mtu amebeba gunia. Aliongea polepole, hata hakunikasirikia, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Ulikosa mdhamini miezi sita. Mvua inakuja. Kamati ikakaa. Mama Zeituni akasema, hii akiba ya Maxi ni ya nyumba ya Wepukhulu, hakuna mtu mwingine ataumia. Na kila mwezi yeye mwenyewe anatuambia mke wake yuko. Basi wacha awe yuko."

Akanigeukia, akaendelea.

"Pesa ilikuwa iingie Jumatatu. Hatukukuambia kwa sababu tunajua mdomo wako."

Nilimgeukia Hadiya. "Madam, naondoa maneno yangu."

"Mzee, haya si maneno ya kuondoa. Marehemu hadhamini mtu. Mkopo umesimamishwa." Kisha akalegeza sauti kidogo. "Lakini kama kuna mwanachama hai wa kusimama mahali pake sasa hivi, mimi sina neno."

Nikawaangalia. Watu zaidi ya thelathini.

Walter alikuwa anasoma viatu vyake.

Sydney akasema, "Omera, ndugu yangu, mimi nikishika kalamu tu utaniita mwizi." Wachache wakacheka.

Mkono mmoja ulipanda. Wa Robinson.

"Viongozi hawaruhusiwi," Hadiya akasema.

Mkono ukashuka. Hakuna mwingine uliopanda.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Machi. Chama kilinilipa akiba ya Maxi, haki yangu kama mumewe. Ilitosha mabati ya vyumba vinne. Vile sita vingine nilisimama barabarani nikaviangalia vikiyeyuka kama sukari guru.

Mwezi uliofuata Mama Zeituni aliita majina. Alipofika pale pa Maxi, akaruka, akaita la chini yake.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Siku hizi nabaki kunywa chai. Walter akiezeka, nashika mbao. Kuna anayenisalimu na kuna asiyenisalimu.

Wakubwa bado siwapendi, na ule ufunguo sijausamehe. Lakini wewe unayejenga vyumba vyako viwili vitatu, tafuta watu kwanza ndio utafute pesa. Na mtu akikuita kando, hata kama humwamini, nenda kando umsikilize. Mbele ya watu utafika tu baadaye.