Kidole cha Muuguzi

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti hupasha mikono yake kwapani kabla ya kumgusa yeyote. Fundi mwashi, baba wa kichanga cha siku mbili, haishi kumshangaa. Watoto hawa wana jambo lao: wakizama usingizini husahau kupumua. Mashine inayofuatilia pumzi zao inapolia, wazazi roho huwa juu juu, lakini muuguzi hunyoosha mkono bila haraka, akagonga unyayo mdogo kwa ncha ya kidole na kunong'ona, "Umesahau tena, mama?" kama anayemkumbusha mtu kufunga mlango. Mtoto hupumua, naye huendelea na kazi zake.

Leo amemtoa binti wa fundi kwenye kisanduku cha joto, binti ambaye uzito wake haufiki nusu ya tofali, akamlaza kwenye kifua kitupu cha baba yake, maana mama bado hajiwezi baada ya upasuaji. "Zamani tulisubiri mpaka wapate nguvu kwanza," alisema, akiwafunga pamoja kwa shuka. "Utafiti umetusuta. Kifua cha mzazi hakitakiwi kusubiri." Fundi, aliyebeba saruji miaka yote bila kutetemeka, akakauka kama nguzo. Mashine ikalia. Kidole cha muuguzi kikafika kwenye unyayo, kikasita, kikahamia begani kwa fundi, kikamgonga mara mbili.

"Na wewe umesahau, baba."

Fundi akashusha pumzi, akavuta nyingine. Chini ya shuka, kifua kidogo kikapanda kumfuata.