Sahihi Iliyobaki Peke Yake

Niliporudi Kindu na diploma ya kompyuta, hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa na karatasi kama ile. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Sikuwa mtoto wa mkubwa. Shule nilijilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo stesheni na kuuza samaki wakavu wa Lokandu, na nafasi ya kwenda Ulaya niliipata kwa mtihani, si kwa mjomba. Kwa hiyo idara ya kilimo iliponipa kompyuta pekee ya jengo lile, niliona nimepewa haki yangu.

Meza ya jirani ilikuwa ya mama mmoja wa mjini, Mwislamu, kilemba safi kila siku, aliyekuwa akipiga mashine ya kuandikia tangu mimi niko shule ya msingi. Barua zote za idara zilipita vidoleni mwake. Aliniita Dokta, ingawa sikuwa na udaktari wowote, nami sikumkataza.

Maniema ilikuwa imetoka tu kutengwa na Kivu na kuwa mkoa, lakini karatasi zetu za serikali, zilizokuja na kichwa kilichokwisha kuchapwa, bado zilisema Kivu. Kwa kila barua mama aliifuta Kivu kwa herufi x, kisha akaandika Maniema pembeni. Nilicheka. Nikamwonyesha mkuu wa idara kwamba kompyuta inaweza kuweka kichwa kipya katika kila ukurasa: Jamhuri, chama, mkoa, idara, kila jina na mstari wake, yote katikati. Mguuni mwa kila ukurasa niliweka namba na jina la ripoti. Unapanga mara moja, mashine inarudia hadi mwisho.

Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mifukoni mwa abakosti, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai. "Kumbe! Basi mama atapumuzika."

Akaniagiza niandike barua ya kumstaafisha kabla ya wakati. Niliiandika siku hiyohiyo, na kichwa chake kilipendeza sana. Nikaiweka kwenye jalada la barua zinazosubiri sahihi. Mama aliiona, maana jalada lile alilipanga yeye kila asubuhi. Akaipanga pamoja na nyingine. Nyumba yake nzima ilikula kutoka kwenye meza ile, na mimi nilijua.

Kisha ikaja ripoti ya kwanza ya mkoa. Mkuu alipaswa kuipeleka Kinshasa kwa ndege ya saa nane mchana, na jenereta yetu ilizimwa saa sita, kila siku, kwa uhaba wa mafuta. Saa tano printa ilimaliza kurasa thelathini na tisa. Mkuu akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kalamu chini.

"Hii njo nini?"

Juu palikuwa na kichwa changu kizuri. Chini palikuwa na jina lake na cheo chake. Katikati, weupe mtupu.

"Ni mahali pa sahihi yako, Sitwayeni Mkuu," nikajibu, maana enzi zile kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia.

"Sahihi juu ya nini? Nitie sahihi na muhuri kwa karatasi tupu yenye Jamhuri na chama? Kesho muntu anaandika hapa katikati kama nimemutukana mukubwa. Niko na watoto, wewe!"

Hakuwa akitania. Miaka ile sahihi moja iliweza kumpoteza mtu. Kosa lilikuwa langu: kichwa kilikula mistari sita kwa kila ukurasa, mguu miwili, maneno yakasukumwa na kusukumwa hadi sahihi ikaangukia karatasi yake peke yake. Nikajaribu kuondoa kichwa kuanzia ukurasa wa pili. Kompyuta ilikubali, lakini kurasa zote zikahama, ingebidi kuchapa upya zote, na printa ile ilitaka zaidi ya saa nzima. Nikarudisha kichwa. Jasho lilinitoka.

Mama akaja nyuma yangu.

"Dokta, ripoti yako iko na vichwa ngapi? Nyoka ya hadithi, ile ya vichwa saba, haifike hapo."

"Mama, tafadhali."

Akachukua ukurasa wa thelathini na nane, akateremsha ukucha wake mstari kwa mstari. "Unataka kupandisha sahihi. Acha. Shusha maneno. Hii mistari munane ya mwisho, ipeleke ikae na sahihi. Na ile namba ya chini, kwa ukurasa ule, ondoa, muhuri itaikalia."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Siye tunahesabu mistari mbele ya kuanza. Nyinyi wa Ulaya munahesabu kisha."

Nikakata ukurasa pale alipoonyesha, nikafuta mguu wa ukurasa wa mwisho, nikachapa kurasa mbili tu. Ilibaki robo saa jenereta kuzimwa. Mkuu alisoma, akatia sahihi, akapiga muhuri. Ukakaa mviringo, safi, bila kugusa herufi hata moja.

"Dokta, umeniokoa," akasema, akafunua karatasi iliyofuata katika jalada. Ilikuwa barua ya mama. Kalamu alikuwa nayo mkononi.

Ningeweza kunyamaza. Mitihani yangu yote nilifaulu, lakini mtihani ule ndio ninaojivunia kuliko yote. "Si mimi, Sitwayeni Mkuu. Ni mama."

Mkuu akamgeukia. "Kweli?"

"Yeye njo alibonyeza," mama akajibu. "Mimi nilihesabu tu."

Mkuu akafunga kalamu, akanitupia barua. "Hii utaichana." Akaenda kuwahi ndege.

Sikuichana, kwa sababu mama aliniwahi. Karatasi ilikuwa adimu. Akaigeuza, na nyuma yake akanichorea kwa kalamu ya risasi jinsi ukurasa unavyokaa: mistari ya kichwa, mwisho wa maneno, duara la muhuri. Mwezi uliofuata nilimfundisha kompyuta, na kwa kuwa mwalimu alikuwa hodari, alijua haraka. Alikaa kwenye meza ile hadi umri wake wa kustaafu ulipotimia.

Leo nina ofisi yangu mwenyewe na watu ninaowaagiza. Wakiniletea ripoti, naanzia ukurasa wa mwisho, na wao hudhani ni ujuzi wa Ulaya. Diploma iko ukutani. Karatasi ya mama iko ndani ya droo, karibu na mkono: upande mmoja barua isiyo na sahihi, upande wa pili mistari yake, ambayo mpaka sasa naihesabu kwa ukucha.