Spoila za Meshaki

Meshaki hajawahi kumiliki kitu akakiacha kama kilivyotoka kiwandani. Zamani, kabla Rumonge nzima haijamjua kama mfanyabiashara wa mawese, alikuwa na baiskeli ya kubebea bidoni za mafuta, na baiskeli hiyo ilikuwa na kengele tatu. Ya kwanza ya watu, alieleza, ya pili ya mbuzi, ya tatu ya heshima. Redio yake aliifunga waya mpaka juu ya mchikichi wa jirani, ikaanza kukamata stesheni za Zambia kwa lugha ambayo nyumbani kwake hakuna aliyeielewa, ila ilisikika vizuri mno. Marehemu mkewe, mwanamke mpole kweli, aliwahi kusema mbele ya wageni: "Mimi namshukuru Mungu tu kwamba sina mahali pa kufungia skrubu."

Alizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, akarudi Rumonge mtu mzima na Kiswahili cha Tabora ambacho hapa kwetu bado kinachekesha kwa usafi wake. Shamba la babake alikuta wengine wanalilima. Wakagawana, yeye akabaki na upande wa mawe na michikichi michache iliyochoka. Hakulalamika. Aliipogoa, akaizungushia mitaro, akaipaka chokaa mpaka magotini kama wanafunzi waliovaa soksi. Ikazaa. Kwa hiyo huwezi kusema tabia yake haina faida. Unaweza kusema tu kwamba haina breki.

Na si vitu tu. Hata maneno ya Meshaki yana spoila, kama lile bawa la urembo linalofungwa nyuma ya gari. Akikuambia amekaa na gavana, ujue gavana alipita barabarani naye Meshaki alikuwa amekaa. Akikuambia "niko hapo kwenye kona," bado anatafuta soksi.

Mwaka jana biashara ilimnyookea, akaagiza gari. Watu wenye akili walitarajia pikapu. Lililokuja, kupitia Dar na mpaka wa Kobero, ni gari la michezo, jipya, jekundu, milango miwili, viti viwili, plastiki bado vitini. Watu walikuja kulitazama kama wanavyokuja kutazama kiboko aliyekufa ufukweni: kwa mbali kwanza, halafu kwa kuligusa. Kabla plastiki haijatoka, Meshaki akalipeleka kwa fundi Waziri, mwenye garaji yake kule mtaa wa Waswahili.

"Iko na shida gani, mzee?" Waziri akauliza.

"Haina shida."

"Sasa unaileta ya nini?"

"Nataka tuiboreshe."

Waziri akalizunguka taratibu, mikono nyuma. "Mzee Meshaki, watu walisoma miaka mingi juu ya kutengeneza hii kitu."

"Hawakusoma Rumonge," Meshaki akajibu, akatoa simu.

Ndani ya simu ile kulikuwa na vijana wa Dubai wanaouza kila kitu ambacho gari halihitaji. Vifurushi vikaanza kufika. Likafika chujio la hewa la wazi, ili injini ivute pumzi vizuri. Ikafika chipu ya kuamsha kompyuta ya gari, ambayo kumbe ilikuwa imelala muda wote huo. Ikafika ekzosi yenye midomo minne, kila mmoja ungetosha kupikia maharage. Ikafika spoila yenyewe, pana kiasi kwamba siku ya kwanza kuku wa Waziri walilala juu yake kwa amani. Mwisho zikafika springi fupi za kushusha gari chini, lishike barabara.

Hapo Waziri akagoma kidogo. "Mzee, hii iko chini tayari. Tukishusha tena itatambaa kama kenge."

"Kenge hajawahi kupinduka," Meshaki akasema. Huo nao ni ukweli. Waziri akashika spana. Akazifunga.

Likawa gari la ajabu. Liliponguruma sokoni, dagaa walioanikwa walionekana kama wanataka kurudi ziwani. Shida ilikuwa moja: chipu ilipoamka, iliamka na kiu. Na esansi, yaani petroli, kama kila mtu wa pwani hii ya ziwa anavyojua, ni kitu tunachokiona kwa nadra na kukisimulia kwa muda mrefu. Kwa hiyo gari lenye mbio kuliko yote Rumonge lilimaliza sehemu kubwa ya maisha yake kwenye foleni ya kituo cha mafuta, likisukumwa mita moja kila baada ya muda, huku Meshaki akiwaeleza wenye Probox nyuma yake jinsi linavyokimbia.

Ni kwenye foleni hiyo alipomkuta Kankindi.

Kankindi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kigwena, mjane, mwanamke ambaye akikutazama unajikuta unanyoosha kola. Alikuwa kwenye pikipiki ya kukodi iliyosimama nyuma ya ile spoila. "Bwana," akasema, "hiyo meza nyuma ya gari ni ya kuandikia?"

Meshaki alicheka mpaka akapitwa kwenye foleni. Kuanzia siku hiyo akawa na sababu nyingi za kwenda Kigwena, na darasa la Kankindi likajua kila sababu, kwa kuwa gari lilisikika tangu mwanzo wa msitu na watoto wote wakakimbilia madirishani. Miezi ikapita. Kankindi akakubali kwamba watu wa Meshaki waje kwao kumwomba rasmi, lakini akampa neno moja.

"Nyumbani kuna wazee. Siku hiyo uje bila kelele, na uje na watu. Usije na gari tu."

"Nitakuja na watu mpaka mshangae," Meshaki akaahidi.

Ugumu ulikuwa kwa Karoli, kaka mkubwa wa Kankindi. Karoli hakutaka dada yake aolewe na mtu mwenye midomo minne nyuma na mmoja mbele usiofungwa. Lakini hakuwa na sababu ya kumkataa, akajitafutia kwa kutangaza sharti: wageni wafike saa nane, wote. Wasipokamilika, ataondoa viti. Na kwetu viti vikishaondolewa uwanjani, hakuna mtu anayevirudisha kwa ajili ya mchumba yule yule. Maneno yamekwisha, mrudi na Fanta zenu.

Siku ikafika. Baba mdogo wa Meshaki, mzee Yonasi, ndiye aliyekuwa msemaji, maana kwetu mchumba hajiombei. Anakaa ametulia kama mgonjwa huku mzee akimwombea kwa maneno matamu. Meshaki alitaka wapande wote wawili gari jekundu. Mzee Yonasi akainama, akalichungulia.

"Mwanangu, nikiingia humo mtanitoa kwa panga."

Akapanda Haisi ya kukodi pamoja na ndugu wengine na kreti za Fanta. Haisi ikatangulia. Meshaki akasubiri makusudi, ili afike mwisho, peke yake, aonekane. Alikuwa ameweka akiba ya esansi wiki nzima kwa ajili ya kuonekana huko.

Sasa, kabla hujafika kwa kina Kankindi kuna kinu cha mawese cha akina mama, na mbele ya kinu hicho wao wenyewe walikuwa wamejenga dodani, tuta la udongo na mawe la kuwatuliza madereva wanaogonga mbuzi. Walilijenga kwa hasira, likawa refu. Probox hulipita ikilalamika. Haisi ya mzee Yonasi ililipita ikirusha Fanta. Gari la Meshaki lilipandisha magurudumu ya mbele, likateremsha, halafu likakaa. Tumbo juu ya tuta, magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani, zuri kama kuku anayeatamia.

Simu ikaita. Mzee Yonasi.

"Uko wapi?"

"Niko hapo kwenye kona, baba."

"Kona gani? Huyu Karoli anazunguka na saa mkononi. Siwezi kumwombea mtu asiyekuwepo, wataniuliza ni mzimu gani anataka kuoa!"

"Dakika moja!"

Akakanyaga mafuta. Midomo minne ikapiga kelele, mbuzi wote wakapata adabu, gari halikusogea hata unyoya. Akakanyaga tena. Chipu, iliyoamka vizuri siku hiyo, ikanywa akiba ya wiki nzima pale pale juu ya tuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Katika ukimya huo akatokea mama Kadidja, mwenye kinu, mikono ya rangi ya machungwa mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake wenzake, wanawake wa shoka, wakipangusa mikono kwenye vitenge.

"Amahoro, patroni," akamsalimia kama tajiri. "Umekuja kupima mafuta?"

Wote wakacheka, na Meshaki akajua ni kwa nini. Kila anapokuja kununua, huchovya kidole kwenye pipa lao, huonja, hukunja uso kama aliyemeza mwarobaini, na kutamka neno lile lile: mafuta yenu yana maji. Hayajawahi kuwa na maji. Ni spoila tu, ya kushushia bei.

"Mama Kadidja, nisaidie. Naenda kuposa. Wataondoa viti."

"Tunaweza kuisukuma, lakini itakwangua tumbo, itabaki hapa tu. Inataka kitu ya kuteleza." Akageuka kuwatazama wenzake. "Iko kitu ya kuteleza hapa?"

"Iko mafuta," mmoja akasema. "Lakini yetu si iko na maji? Maji haitelezi vizuri."

"Kweli. Patroni, tufanye nini? Mafuta yetu iko na maji?"

Meshaki akatazama saa. Akatazama barabara ya Kigwena. "Hayana maji."

"Sema na wale kule nyuma wasikie."

"Hayana maji! Hayajawahi kuwa na maji! Ni mafuta mazuri kuliko yote pwani hii mpaka Nyanza-Lac!"

"Hiyo ya Nyanza-Lac umeongeza," mama Kadidja akasema, "lakini tumepokea."

Wakamwaga bidoni moja ya mawese chini ya tumbo la gari, nyekundu juu ya nyekundu. Wakashika spoila, ambayo hatimaye ilipata kazi, wakasukuma. Gari likashuka kwenye tuta likiteleza kama mtoto aliyeogeshwa.

"Murakoze, mama zangu, murakoze sana," Meshaki akashukuru, kisha akakumbuka kwamba esansi imekwisha. Akaushika usukani kwa mikono yote miwili na kuinamisha kichwa.

Mama Kadidja akachungulia dirishani. "Sasa unalia? Kaa sawasawa, unyooshe tairi. Hatukumwaga mafuta ili uoe kwa simu."

Hivyo ndivyo gari la michezo lilivyoingia Kigwena: kwa mwendo wa mguu, likinukia mchuzi, bila mlio, wanawake wa kinu wakilisukuma na kuimba kwa sauti ya chini, michirizi ya mawese ikifuata nyuma barabarani.

Uwanjani Karoli alikuwa tayari ameshika viti viwili, kimoja kila mkono. Mzee Yonasi alikuwa amekalia cha tatu kwa nguvu zake zote. Gari likasimama mbele yao. Karoli akalitazama, akawatazama akina mama wanaohema.

"Mwenye kelele," akasema, "leo mbona kimya?"

Meshaki alikuwa na jibu. Lilikuwa zuri, lilikuwa limejitengeneza njiani: kwamba kwa heshima ya wazee wa nyumba hii alizima injini tangu msituni. Alifungua mdomo alitoe. Nyuma yake mama Kadidja akakohoa.

"Esansi imekwisha," Meshaki akasema. "Nilikwama kwenye dodani. Gari lilikuwa chini tayari, nikalishusha tena, fundi alinikataza. Nikanguruma mpaka mafuta yakaisha. Hawa mama wamenisukuma, na mimi huwa nawaambia mafuta yao yana maji. Hayana."

Mzee Yonasi alifumba macho, kama msemaji anayesikia hotuba yake ikichinjwa.

Halafu, ndani ya nyumba, nyuma ya pazia ambako anayeposwa anatakiwa akae ametulia mpaka aitwe, mtu akacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilianza kwa kubanwa, kikatoroka, kikapanda, kikapiga kitu kama sahani. Karoli akageuka kulitazama pazia. Alikijua kicheko kile. Tangu wamzike shemeji yake hakikuwa kimesikika katika nyumba hiyo. Akabaki amesimama na viti vyake.

Kisha akaviweka chini, akavipangusa kwa kiwiko. "Akina mama mtakaa wapi?" akauliza. "Leteni na viti vya ndani."

Mzee Yonasi akainuka kuanza maneno yake. Alipofika mahali pa kusifia watu waliomsindikiza mchumba, kila mtu aliwatazama wanawake wale wenye mikono ya machungwa, wakiwa na chupa za Fanta, na mpaka shangazi mkali wa Kankindi akakiri kwamba watu kweli wamekuja.

Masharti yalitoka nyuma ya pazia kwa mdomo wa shangazi huyo: springi ndefu zirudi, na ekzosi itoke. Meshaki akasaini kwa kichwa. Waziri aliyatimiza yote asubuhi iliyofuata, akiimba.

Ekzosi haikupotea. Iko kwenye kinu cha mama Kadidja, imesimamishwa juu ya jiko la kuchemshia ngazi, yale matunda ya mchikichi, inatoa moshi kwa midomo yote minne. Meshaki akija kununua mafuta, sasa akiwa na mwalimu pembeni, huchovya kidole, huonja, na kusema ni safi. Halafu huinua macho kwenye lile bomba, huinamisha kichwa upande, na kabla hajasema lolote Kankindi humshika mkono.

"Liache," humwambia.

"Nilitaka tu kuuliza," Meshaki husema, "kama hawajafikiria kulirefusha kidogo."