Mguu wa Upande wa Mama

Kwetu mtoto wa pili wa kike hupewa jina la nyanya yake mzaa mama. Ndivyo nilivyopata jina la nyanya aliyeuza viazi sokoni Kangemi, ambaye miguu yake ilivimba jioni kwa kusimama kutwa. Nilipofika kidato cha pili miguu yangu nayo ikavimba, na haikushuka tena. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakuhitaji daktari. Mguu umekuja na jina, akasema. Tangu hapo, kila harusi na kila matanga, mama aliulizwa habari za mguu huo kama mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa.

Iliniuma. Mama angevumilia chapati zake kusemwa, lakini si marehemu mamake.

Baba pia alikuwa na miguu minene, ila yake ilikuwa na heshima: aliumia akidaka mpira shuleni. Hadithi hiyo tuliinywa na chai miaka yote.

Mwaka jana, nikiwa mjamzito, nilitaka kujua mtoto wangu atarithi nini. Daktari wa jeni, mwanamke mpole mwenye kliniki katikati ya jiji, akaniambia nije na wazazi. Akatueleza kwamba mishipa ya limfu hukusanya maji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu, na kwamba mtoto akiwa tumboni, jeni ndizo huiamuru mishipa hiyo ichipuke. Jeni moja ikiwa na kasoro, mishipa haikui inavyotakiwa na maji hutuama miguuni. Mzazi mmoja anatosha kuipitisha.

Mama alivua viatu kabla hajaambiwa. Daktari akafinya ngozi ya kidole cha pili cha mguu wake, ikainuka vizuri. Yangu ilikataa, na hiyo, akasema, ndiyo dalili ya maji yaliyotuama. Sote tukamtazama baba.

"Yangu ni ya mpira," akasema.

"Uliumia mguu gani, mzee?"

"Kushoto."

Daktari akamvua soksi zote mbili. Mguu wa kulia ulikuwa mnene vilevile, na ngozi ya vidole ikakataa kufinyika huku na huku.

"Na hii ya kulia?"

Baba alifikiri sana. "Hiyo ilikuwa mechi ya marudiano."

Daktari alicheka kwanza, kisha mimi, mpaka mtoto akanipiga teke. Mama hakucheka. Alitoa simu akampigia shangazi.

"Uko nyumbani? Tunapitia hapo kwako mtaa wa Satellite saa hii. Nakuletea mguu yenu. Na jina ya mamangu, hiyo nitarudi nayo."