Harusi Bruxelles, Walii Makomeno

Tangu mdogo wangu wa kike aende Bruxelles mwezi wa kumi na moja, nyumbani kwetu Makomeno tulishika hesabu moja: sisi tuko mbele yao kwa saa nzima. Ndoa yake ilipangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa nane ya kule, yaani saa tisa ya kwetu. Baba, ambaye ndiye walii wake, angesema maneno ya kumwoza kwa simu. Bila sauti yake hakuna ndoa. Sisi Waislamu wa asili ya Maniema hatulichezei jambo hilo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa. Simu zote za nyumbani zilikuwa zimekufa ila yangu, nayo betri yake ilibakiwa na moto kidogo tu. Nikaizima. Shangazi alipoomba kuangalia picha za bibi harusi, nilimkaripia mbele ya wageni, maana mimi nikishika usukani simwachii mtu. Baba alikaa kwenye mkeka na kanzu yake nyeupe, akirudia maneno yake kimyakimya. Nilijisifu moyoni kwamba kila kitu kiko sawa.

Dakika kumi kabla ya saa tisa niliiwasha simu. Ujumbe ukaingia mfululizo, simu ikatetemeka mkononi kama kuku aliyeshikwa miguu. Halafu mdogo wangu akatokea kwenye kioo, koti juu ya nguo ya harusi, macho mekundu.

"Yaya, muko wapi? Tunabangojea tangu saa nane!" Yaya ni mimi, mkubwa wake.

"Kwenu saa nane si haiyafika?"

"Huku bamesukuma saa mbele usiku! Saa yetu na yenu iko sawasawa. Juu ya nini ulizima telefone?"

 Nani angejua kwamba kule, majira ya joto yakikaribia, watu hulala na saa moja wakaamka na nyingine? Yeye mwenyewe, mgeni wa miezi minne, alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile.

Muda wao wa ukumbi ulikuwa umekwisha, na watu wa sherehe nyingine walishaingia kupanga viti. Maharusi, imamu na mashahidi walikuwa wamesimama nje, wamebanana kwenye ukuta wa duka la mikate. Barabara ilifungwa kwa sikukuu ya mtaa: watu wenye vinyago, ngoma kubwa, tarumbeta, watoto wakirusha vipande vya karatasi. Ndugu mmoja wa kule alitaka kusimama mahali pa baba. Mdogo wangu alikataa katakata.

"Minataka sauti ya Papa," akasema.

Nikampa baba simu, nikaishika naye. Akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamtoka: amemwoza binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Nilimwona bwana harusi akisogea, akafungua mdomo. Tarumbeta zikapita. Kioo kikawa cheusi.

Ua mzima ulinigeukia.

"Amekubali?" baba akauliza. "Ulisikia?"

"Nilisikia, Papa. Amekubali."

Vigelegele vikapasuka. Baba akalia waziwazi, na mimi nikasambaza sahani za pilau. Sikuwa nimesikia hata neno moja. Nilipopata upenyo nilikimbia kwa jirani mwenye jenereta, nikachomeka simu, nikaisimamia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mdogo wangu: "Yaya, imamu na mashahidi habakusikia Papa. Tuko nyumbani kwa imamu. Papa arudilie."

Nilirudi uani. Baba alikuwa katikati ya wazee, wanampongeza, mchuzi ukimchuruzika vidoleni. Nilitamani kumnong'oneza, lakini uongo niliusema mbele ya watu wote, na shangazi alikuwa pale pale ananitazama.

"Papa, sikusikia kitu," nikasema. "Ndoa haiyafungwa."

 Mzee mmoja akarudisha tonge lake sahanini. Baba akaomba maji, akanawa taratibu, kidole kwa kidole.

"Leta telefone," akasema. "Sasa nitasikia miye mwenyewe."