Mvua Iliyobeba Choo Changu

Kwetu Katubuka, mvua kubwa ikianza, wenye vyoo vilivyojaa tulikuwa tunatoboa ukuta wa shimo ili mafuriko yabebe uchafu hadi ziwani. Kitendo hicho tulikiita kutapisha choo. Gari la kunyonya majitaka lilikuwepo, ila mwaka mmoja niliona mvua itanimalizia kazi, nikatoboa shimo langu.

Shangazi yangu aliishi ufukweni, akinywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Wiki ile akalazwa, anaharisha.

“Na wewe ulitapisha, mwanangu?” aliniuliza kitandani.

“Hapana, shangazi.”

“Afadhali. Hao wenzako wametunywesha choo chao!”

Akacheka. Alipona, akaishi miaka mingine, na sikumwambia hadi tukamzika. Sasa naita gari. Jirani akishika sururu mawingu yakitanda, namweleza taratibu uchafu unakokwenda, na wengi hunisikiliza. Ukweli wenyewe nilipaswa kumwambia shangazi.